Bukoba hadi Kigali na mifuko sita ya kahawa: siku saba za timu ya mtihani

Nimerudi nyumbani wiki mbili sasa. Daftari lina madoa ya kahawa, simu ina picha zaidi ya mia tatu, na nusu yake ni za vibao vya barabarani ambavyo sijui nilivipigia nini. Nimeahidi wenzangu wa ghalani kwamba nitaandika, basi naandika kabla sijasahau nani alisema nini.

Sisi ni watu watatu tunaotunga na kusimamia mtihani wa waonjaji wa kahawa hapa Kagera. Robusta kwa wingi, arabika kidogo. Cheti chetu si kikubwa. Anayekipata huajiriwa kwenye chama cha msingi au kiwanda cha kukoboa, na kazi yake ni kusema mzigo huu upokelewe na huu urudi. Akikosea, mkulima anaumia au mnunuzi anaumia. Safari hii ilikuwa ya kwenda Kigali kwenye mkutano wa siku tatu wa watu wa kahawa, ambako kulikuwa na kikao kizima cha wale wanaotoa vyeti. Fedha za timu zilitosha watatu kwa barabara au mmoja kwa ndege. Tukaenda kwa barabara.

Wenzangu sitawataja majina. Mmoja tunamwita Mzee Kikombe, ameonja na kutema kahawa zaidi ya miaka thelathini na hakuna anayethubutu kubishana naye mezani. Wa pili ni Dada Hesabu, ambaye akiona matokeo ya mtihani huyapanga kwenye jedwali kabla hajakaa chini. Mimi ni mtunza karatasi. Natunza maswali, risiti na lawama.

Jumatatu, Februari 23. Bukoba hadi Rusumo

Hiace ilisema itaondoka saa 11 alfajiri, ikaondoka saa 12 na nusu. Nauli hadi Benaco tulilipa 22,000 kila mmoja, mizigo bure baada ya mabishano. Ule muda wa kusubiri haukupotea: Mzee Kikombe alikula katogo la ndizi na maharage kwa mama lishe wa stendi, akatuambia tule vizuri kwa sababu mbele ni kona tu. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Kwaresima na yeye ni Mkatoliki wa kushika, kwa hiyo utumbo aliuruka huku akiuangalia.

Hadi Muleba hakuna la kusimulia, ni migomba, ziwa likijitokeza na kujificha, na abiria kushuka na kupanda. Baada ya Kagoma lami ni nzuri na nyumba zinapungua, pori linashika pande zote. Hapo ndipo wazee huanza hadithi za miaka ile magari yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi. Siku hizi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na tulichokutana nacho ni nyani waliokaa barabarani kama wanangojea nauli.

Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na ni hizo zilizotuchosha. Malori ya mafuta na saruji ya kwenda Rwanda na Congo yamejipanga, mashimo yamejipanga, na sehemu zinazotengenezwa mnasimama dakika ishirini mkingoja upande mmoja upite. Tulifika Benaco saa 8 mchana. Vijana wa leo wanaijua Benaco kwa gereji na chipsi, lakini Mzee Kikombe alinyamaza kidogo alipoteremka. Aprili 1994 robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakaja kupiga kambi kwenye vilima hivi. Yeye alikuwapo, alikuwa amekuja na gari la chama kukusanya kahawa, likarudi limebeba watoto. Hakusema zaidi.

Benaco hadi mpakani ni gari dogo, 3,000 kwa kichwa. Pale upande wetu tulikaa kwa mama mmoja mwenye meza mbili chini ya turubai, tukanywa chai ya rangi na chapati, kisha tukavuka.

Sasa sikilizeni kosa letu. Tulikuwa na sampuli za kahawa safi, gramu 350 kila moja, za kuonjwa mezani Kigali. Kahawa mbichi haivuki mpaka kwa maneno matupu, inataka cheti cha afya ya mimea, na tulikuwa nacho, cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kiliandikwa sampuli tano. Ofisa wa upande wa Rwanda, kijana mpole mwenye Kiswahili safi, alihesabu mifuko akafika sita. Akahesabu tena.

"Mzee, hii ya sita imetoka wapi?"

Imetoka kwenye begi la Mzee Kikombe, aliyeichomeka usiku wa kuamkia safari bila kumwambia mtu. Ilikuwa na herufi moja tu juu yake, F. Ni kahawa mbaya anayoiweka makusudi kwenye mtihani kuwatega watahiniwa, na alitaka kuwatega nayo wakubwa wa Kigali. Kijana akatueleza bila kukasirika: iteketezwe au irudi Tanzania. Mzee alisema kahawa haichomwi moto kwa kosa la karatasi. Nikapewa mimi kazi ya kurudi nayo, kwa mguu, juu ya daraja, maporomoko ya Kagera yakinguruma chini.

Yule mama wa chapati aliupokea mfuko kama anapokea mtoto wa jirani. "Mwanangu, weka hapo chini ya meza. Mkirudi mtanikuta." Nikampa 2,000 za kutunza, akakataa. Nikakimbia kurudi maana basi la Kigali lilikuwa linaita.

Kwa watakaobeba sampuli: hesabu mifuko mbele ya cheti, si nyumbani ukiwa na usingizi. Na msifunge kwenye mifuko ya plastiki, hata ile midogo ya kubana mdomo. Rwanda imeipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na hawatanii. Sisi tulitumia ya kaki, ndani yake karatasi, ikapita vizuri. Hati ya kusafiria ni lazima kwa Mtanzania, viza haihitajiki. Kadi ya homa ya manjano tuliulizwa mara moja, wakati wa kurudi.

Jambo jingine ni saa. Ukivuka daraja unarudi nyuma saa moja nzima. Sisi tulidhani tumechelewa basi la saa 11, kumbe kule ilikuwa saa 10. Tukakaa ndani ya basi tukitazama magari yakihama kutoka kushoto kwenda kulia.

Nauli ya Rusumo hadi Kigali tulilipa faranga 5,000 na kitu kila mmoja. Pesa tulibadilisha palepale: shilingi 100,000 zikatoa faranga 55,000 na ushee. Njia ni nzuri hadi unasinzia. Kirehe, Ngoma, Kayonza, Rwamagana, na Nyabugogo saa 2 usiku. Stendi ya Nyabugogo usiku inachanganya, lakini dereva wa pikipiki mmoja alipotusikia tunabishana kwa Kiswahili alikuja mwenyewe, akatutafutia teksi, akamwambia dereva bei kabla hatujapanda, akaenda zake. Nyumba ya wageni Remera, faranga 20,000 kwa usiku, maji ya moto yapo ukiamka mapema.

Jumanne, Februari 24. Kigali

Siku ya kupumzika, na ya Mzee kununa. Alikuwa bado anaomboleza mfuko wake. Tulikwenda soko la Kimironko kununua matunda, na hiyo safari ya matunda itarudi chini, maana bila kujua tulikuwa tunafanya kazi.

Jumatano, Februari 25. Mtihani wetu unavuliwa nguo

Asubuhi hotuba. Sitazisimulia.

Mchana kikao cha watoa vyeti, watu kama arobaini, na mwezeshaji mama wa makamo kutoka Kampala ambaye hakupoteza muda. Alisema kila timu itoe mtihani wake, jirani ausome. Wetu ukaangukia mikononi mwa vijana wawili wa kutoka Burundi na mzee mmoja wa Masaka, Uganda.

Swali lao la kwanza: alama ya kufaulu ni 70, mmeipata wapi? Nikamtazama Dada Hesabu, Dada Hesabu akamtazama Mzee, Mzee akasema, "Ni 70 tangu zamani." Ukumbi ukacheka, lakini kicheko cha wenye dhambi ileile.

Kisha mwezeshaji akatufanyisha kazi ambayo peke yake ilitosha kulipia nauli. Njia hii inaitwa Angoff, jina la mtaalamu wa mitihani wa Marekani aliyeieleza mwaka 1971. Mnakaa wajuzi wa kazi wenyewe. Mnamwaza mwonjaji aliye mlangoni, yule anayestahili cheti lakini kwa shida, hana ziada hata ya punje. Halafu kwa kila swali mnajiuliza: nikiwa na watu kumi wa namna hiyo, wangapi watalipata? Kila mmoja anaandika peke yake, mnalinganisha, mnabishana, mnaandika tena. Wastani wa maswali yote ndio unawapa alama ya kufaulu.

Tukaanza na swali letu la tisa: harufu ya blackcurrant ni dalili ya nini katika kikombe? Mimi niliandika tisa. Dada Hesabu aliandika nne. Mzee Kikombe, mwenye swali lake, aliandika mbili. Nikamuuliza kwa nini alitunga swali ambalo anajua watu wawili tu kati ya kumi wanaostahili cheti wataliweza. Akasema, "Kwa sababu mimi nililiweza." Ameliona tunda lenyewe mara moja maishani, ndani ya chupa ya jamu.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotusumbua miaka yote. Tuna vijana wanaonusa gunia wakasema limelala kwenye unyevu, na ni kweli. Wakiingia kwenye mtihani wanaanguka, kwa sababu mtihani unawauliza matunda ya Ulaya.

Tukafanya maswali kumi. Baadhi tuliyafuta palepale. Yaliyobaki yakatupa wastani chini kabisa ya 70, yaani kuna watu tumewanyima cheti walichostahili. Sikulala vizuri siku hiyo.

La pili lilitoka kwa Dada Hesabu mwenyewe, na alilifanya nyuma ya risiti ya chakula. Kwenye mtihani wetu wa vitendo tuna jaribio la pembetatu: vikombe vitatu, viwili kahawa moja, kimoja tofauti, mtahiniwa amtoe mgeni. Sisi tunaweka pembetatu tatu, akipata mbili amefaulu. Yule mzee wa Masaka aliuliza, na anayebahatisha je? Dada akapiga. Kubahatisha pembetatu moja ni theluthi. Kupata angalau mbili kati ya tatu kwa kubahatisha ni 7 kwa 27, karibu 26 kwa mia. Maana yake mtu aliyeziba pua kwa mafua, anayeokota kikombe chochote, anafaulu mara moja katika kila nne. Ukiweka pembetatu sita na kudai tano, bahati inashuka hadi 13 kwa 729, chini ya wawili kwa mia. Kahawa inayoongezeka ni ya sufuria mbili. Tulikuwa tunabania maji ya moto huku tunagawa vyeti kwa bahati nasibu.

La tatu lilimuumiza Mzee. Mmoja wa vijana wa Burundi, kwa adabu zote, aliuliza: "Mzee wetu, nani huwafundisha watahiniwa?" Mimi. "Nani hutunga?" Mimi. "Nani husahihisha?" Kimya. Kuna kiwango cha kimataifa cha wanaotoa vyeti kwa watu, ISO/IEC 17024, na moja ya mambo kinayoyashikilia ni kutopendelea: mafunzo na mtihani visifungwe kamba moja bila ulinzi wowote. Hakuna aliyemtuhumu Mzee kupendelea. Lakini chakula cha jioni alikila peke yake, ndizi za kukaanga na samaki, akiwa ameelekea ukutani.

Alhamisi, Februari 26. Kikombe kimoja kati ya vitano

Siku ya kuonja, na Mzee akafufuka. Meza ndefu, sampuli za nchi sita, vikombe vitano kwa kila sampuli, maji karibu na nyuzi 93, dakika nne, unavunja ukoko kwa kijiko na kuinamisha pua. Arabika wanapima gramu 8.25 kwa mililita 150, robusta 8.75. Robusta zetu tano zilikaa meza ya mwisho na nilifurahi kuona watu wakirudi kuzionja mara ya pili.

Kwenye meza ya kahawa za Rwanda nilikutana na ladha ya kiazi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma tu. Vikombe vinne vitamu, safi, vina asali. Cha tano kinanuka kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi, huwezi kukosea. Wenyeji wanaihusisha na mdudu antestia anayetoboa tunda, na inaweza kutokana na punje moja tu ndani ya kilo nzima. Hiyo ndiyo sababu ya vikombe vitano. Ukionja kimoja unaweza kupita salama, au ukaihukumu kahawa nzuri kwa kosa la punje moja.

Mwezeshaji wa meza alituambia anavyowapima waonjaji wake. Haulizi "kiazi ni nini". Anaficha kikombe chenye kiazi mahali fulani kwenye meza ya vikombe ishirini na tano, anakunywa maji, anangoja. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa.

Kisha kikafunguliwa kisanduku cha Le Nez du Café, vichupa 36 vya harufu ambavyo waonjaji dunia nzima hujifunzia. Nilihesabu tunazozijua kwetu: kiazi, karafuu, pilipili manga, vanila (Bukoba tunailima!), limao, asali, ngozi, moshi, karanga za kukaanga. Kisha zinaanza hazelnut, blackcurrant, apricot. Si kwamba kisanduku kibaya, kilitengenezwa Ufaransa na pua za Kifaransa. Lakini Dada Hesabu alitoa mfuko wake wa Kimironko, aliokuwa bado anautembeza: iliki, majani ya chai, mbegu za giligilani, passion, ndizi mbivu kupita kiasi, sabuni ya kipande. Akaipanga mezani. Watu wakakusanyika. Mzee wa Masaka akaongeza jani la muhogo alilochuma bustanini kwa hoteli, sijui kama aliruhusiwa.

Tumeamua kutengeneza vichupa vyetu ishirini. Kumi vya harufu njema, kumi vya makosa: ukungu, gunia, udongo, moshi wa kukaushia, dizeli ya lori, mchachuko na kadhalika. Vya makosa ndivyo mshahara wa kijana wetu unakotoka.

Mshiriki mmoja Mwislamu alisimama mezani muda wote bila kuonja. Alinusa, akaandika, akapita. Ilikuwa Ramadhani. Nikajiona mjinga ghafla, maana mtihani wetu wa vitendo tulikuwa tumeupanga Machi 10, mchana, na wapo watahiniwa wetu wanaofunga. Sisi watatu tulikaa tukapanga tarehe na hakuna aliyeangalia mwandamo. Nilituma ujumbe nyumbani palepale, ukasogezwa baada ya Idi.

Jioni yule bwana alitualika futari Biryogo, Nyamirambo. Mtaa wenyewe umefungwa kwa magari, meza ziko katikati ya barabara, na Kiswahili kinasikika kila upande. Tende, uji, sambusa, chapati, mishikaki, chai ya maziwa yenye tangawizi ya kukata kikohozi. Alitukatalia kulipa chochote. Mzee Kikombe na mzee wa Masaka walikaa pamoja. Waliporudi mezani kwetu walikuwa wameshakubaliana jambo: Mzee atafundisha Kagera, wa Masaka atakuja kusahihisha, na kwao iwe vivyo hivyo. Mzee alilitangaza kama wazo lake. Tukamwachia.

Ukienda Nyamirambo kwa pikipiki, kofia ya abiria unapewa na lazima uivae. Kutoka Remera mimi nililipa faranga 1,500, wenyeji walisema ningeweza kupunguziwa.

Ijumaa, Februari 27

Kikao cha mwisho kilikuwa na joto. Aprili 2025 CQI na SCA, taasisi mbili za kimataifa za ubora wa kahawa, walitangaza kwamba mtihani wa Q Grader, ulio maarufu kuliko yote kwa waonjaji, unahamia SCA, na Oktoba 2025 ukaanza kwa mfumo mpya wa kupima kahawa. Ndani ya mfumo huo kueleza ladha ni fomu moja, na kusema umeipenda kiasi gani ni fomu nyingine. Hilo nililipenda, kwa sababu fomu yetu inachanganya yote mawili na vijana wanaandika "nzuri" mahali tunapotaka "ina udongo".

Lakini ukumbini hawakuzungumzia fomu. Walizungumzia vyeti vya zamani: nani ana njia ya kuvukia mfumo mpya, kwa gharama gani, kwa muda gani. Sina upande katika hilo. Ila nilijifunza kutazama nyuso. Mtu aliyeuza mbuzi ili apate cheti hataki kusikia neno "maboresho" kabla hajasikia cheti chake kinakuwaje. Sisi tunabadilisha mtihani mwaka huu, na barua ya kwanza itakwenda kwa waliokwisha kufaulu.

Chakula cha mchana kilikuwa mishikaki ya mbuzi inayonukia hadi barabarani, na ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Mzee alikula isombe, yaani kisamvu, na wali. Aliuangalia ule moshi kwa muda mrefu.

Jumamosi, Februari 28. Jembe

Tulipanga kuondoka saa 1 asubuhi. Mwenye nyumba ya wageni alitusikia tukikokota mabegi akaja akicheka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Umuganda, kazi ya jamii, na hadi saa 5 hakuna basi wala duka. Lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo niliouchapisha mwenyewe, ukurasa wa pili.

Hakuna aliyetulazimisha, lakini kukaa kibarazani na mabegi huku mtaa mzima unafyeka kulitushinda. Dada Hesabu alipewa fagio, mimi jembe, na Mzee akapewa kiti ambacho alikikataa. Tulisafisha mfereji wa maji ya mvua. Baada ya kazi kikao cha mtaa, hatukuelewa neno, tukapigiwa makofi. Jirani mmoja mwenye pikapu akatubeba hadi Nyabugogo na kukataa hela ya mafuta.

Msipange safari Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Au pangeni, mkitaka kufahamiana na watu.

Tulivuka Rusumo gizani, saa yetu ikarudi mbele. Meza za mama zilikuwa zimefunikwa. Tukalala gesti ya 15,000 yenye chandarua kimoja chenye matundu.

Jumapili, Machi 1. Rusumo

Saa 1 asubuhi alikuwapo, anapuliza mkaa. Alipotuona akashika kichwa.

"Wanangu, mnisamehe. Panya walitoboa mfuko wenu Alhamisi. Nilivyoona zinamwagika nikaokota kiganja kimoja nikakaanga, nikatwanga, nikanywa. Zilizobaki hizi hapa." Akatoa mfuko, umeshonwa kwa uzi mwekundu.

Mzee alisema hakuna neno. Mama hakuridhika, alikuwa na jambo.

"Lakini kahawa yenu, nisiwafiche. Waliianika chini. Ina udongo. Tena ilinyeshewa ikaanikwa upya."

Mzee Kikombe alikuwa anafungua begi. Aliacha. Ule mzigo anaujua vizuri, aliununua mwenyewe Kyerwa kwa mtu aliyeuanika uwanjani bila turubai, mvua ya Juni isiyotarajiwa ikaupiga mara mbili. Hakumwambia mtu yeyote, hata sisi. Mwaka jana watahiniwa wetu karibu wote waliandika kwamba F ina "ladha nzito".

"Umejuaje, mama?"

"Baba alikuwa anatuchapa kwa kuanika chini. Nimeukuta udongo ule ule."

Dada Hesabu alikuwa tayari na kalamu. Mzee akaomba vikombe vitatu na maji ya moto, akamwomba mama ageuke kidogo, atazame mtoni.

Mama hakugeuka. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Kwanza chai tatu na chapati sita za Jumatatu. Mlikimbilia basi, hamkulipa."

Ndiyo maana kwenye daftari langu la matumizi mstari wa mwisho unasomeka 4,500.